Kiwambo cha kuzuia mimba, kuna aliyewahi kutumia?

MamaNuru_Nkuhungu: Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miezi minane, sindano imenishinda, yani damu ilikuwa inatoka matone matone mpaka nikaacha, na vidonge nasahau. Mdogo wangu yuko Ujerumani kaniambia kuna kiwambo, kikombe laini cha silikoni unakiweka mwenyewe ukeni kabla ya tendo kinafunika mlango wa kizazi, homoni hamna kabisa, anataka kunitumia. Mume wangu dereva wa roli hurudi mara chache, ndo nikaona kwa nini nikae na dawa mwilini mwezi mzima kwa ajili ya siku mbili tatu? Aliyetumia anieleze ukweli.

Shangazi wa Area C: Mimi nilitumia nikisoma Uingereza. Kinafanya kazi ila kinataka utulivu mama. Unanawa mikono vizuri, unakipaka jeli ya kuua mbegu, unakiingiza halafu unapapasa kwa kidole kama kimefunika mlango wa kizazi, ukiugusa ni mgumu kidogo kama ncha ya pua. Mkimaliza usikitoe, kikae angalau masaa 6, ila masaa 24 yasipite. Mkirudia unaongeza jeli kikiwa humohumo. Kilichonichosha ni UTI, kila mara narudi hospitali.

Nesi_Kongwa: Hiyo jeli ndo swali langu dada, ikiisha utaipata wapi? Kwenye vituo vyetu utakuta sindano, vijiti, vidonge, kitanzi na kondomu, kiwambo na jeli yake sijawahi kuviona stoo. Na bila jeli nguvu yake inapungua. Hata ukitumia na jeli, kwa wanavyotumia watu wa kawaida, wanawake 100 kwa mwaka kama 17 hupata mimba, wakati kitanzi cha shaba, kile kinachowekwa ndani ya kizazi, hakifiki hata 1. Kingine nakwambia kwa upendo, mwenzio yuko barabarani, kiwambo hakizuii VVU, na jeli nyingi zina dawa ambayo ukiitumia mara kwa mara inachubua ndani, ndo maana mwenye hatari kubwa ya maambukizi hashauriwi kuitumia. Pimeni wote wawili, kondomu iwepo.

Baba Chilewa: Nesi kasema kweli. Wife aliwekewa kitanzi Mpwapwa bure, hatuna habari ya kukumbuka kitu.

MamaNuru_Nkuhungu: Asanteni sana. Ila kitanzi si ndo kinazidisha damu? Hiyo damu ndo iliyonifanya niache sindano.

Nesi_Kongwa: Cha shaba miezi ya mwanzo hedhi huwa nzito na tumbo linauma, wengi linatulia baadae. Homoni hakina, kinakaa mpaka miaka 10, ukitaka mtoto kinatolewa. Kama una upungufu wa damu mwambie mtoa huduma kabla hajakuwekea.

MamaNuru_Nkuhungu: Nisubiri nikiwa hedhini?

Nesi_Kongwa: Hapana, siku yoyote ilimradi wajiridhishe huna mimba. Mpaka hapo mzee akirudi ni kondomu.

MamaNuru_Nkuhungu: Sawa dada, jumatatu naenda. Mdogo wangu namwambia asitume kwanza.