Naomba ushauri: mama ana kisukari, tumekutana na daktari wa Ayurveda (tiba asili ya India)

Wakuu, shikamooni. Nipo Kerala, India, na mama (61). Ana kisukari na presha, anatumia metformin, dawa ya hospitali ya kushusha sukari.

Daktari wa Ayurveda hakuanza na dawa. Alisoma mapigo, akatazama ulimi, akauliza analala saa ngapi na ana mawazo gani tangu baba afariki. Mama alilia, hajawahi kuulizwa hilo hospitali.

Kampangia kula mapema jioni, kutembea, yoga, uwatu na karela (tunda chungu). Hayo nayaafiki. Hofu yangu ni vidonge vyao: baadhi ya dawa za Ayurveda hutiwa zebaki au risasi makusudi. Tena uwatu nao hushusha sukari, juu ya metformin!

Aliyewahi kuchanganya tiba hizi, mlipima vipimo gani? Metformin haachi, hilo nimekataa.