Makabati ya jikoni: ninunue mashine, nikatishe kwa muuza bodi, au nilete kontena?

Mstaafu_Bombo
Salaam wote. Nimetoka jeshini mwaka jana. Kiinua mgongo, baada ya kumalizia nyumba na kulipa karo, kimebaki shilingi milioni 30 za Uganda. Wazo la biashara nimelipata ndani ya nyumba hiyohiyo: jiko langu lilichukua miezi mitatu. Fundi wa kwanza alipokea arbuni akazima simu. Wa pili akaleta makabati yaliyoacha nafasi ya vidole viwili na ukuta, akaniambia "mzee, hapo tutaziba na silikoni." Nikiuliza majirani hapa Bombo mpaka Wobulenzi, kilio ni kimoja. Nyumba zinaisha, majiko hayaishi.

Nina mpwa wangu, seremala, amekaa Ndeeba miaka minne. Mikono yake naiamini. Tunabishana njia ya kuanzia. Yeye anataka tununue msumeno wa meza na mashine ya kubandika ukingo (ule utepe unaofunika kingo za bodi zilizokatwa), tuwe na karakana yetu. Mimi nafikiria bodi zikatwe hukohuko zinakouzwa Kampala, sisi tuje tuunge na kufunga tu. Na kuna rafiki yangu anasema tuachane na mambo ya vumbi, tuchangie kontena kutoka China, makabati yanakuja tayari, unafungua boksi unafunga. Mliopita njia hizi, nisaidieni kabla pesa haijaondoka.

Mjomba_wa_Stendi
Nunua boda nne, ulale.

DadaVitasa
Afande, karibu uraiani. Huyo wa boda usimsikilize, hajawahi kumfukuza kijana kwa hesabu ya jioni.

Mimi nauza bawaba, vishikio na reli za droo Kireka, kwa hiyo mafundi wa makabati nawaona kila siku, wanaoinuka na wanaoanguka. Fanya hesabu hii kabla ya kununua mashine yoyote. Jiko la kawaida la ukuta mmoja wa mita 3, makabati matano chini na matano juu ya sentimita 60, linakula bodi kama 7 za milimita 18, zile za futi 8 kwa 4, ukiweka na mabaki. Hapo sijahesabu bodi nyembamba ya mgongoni. Sasa wewe mgeni, ukipata majiko mawili kwa mwezi mshukuru Mungu. Hayo ni bodi 14. Msumeno mzuri unazimaliza kwa siku moja. Siku zilizobaki za mwezi mashine imelala, nawe unalipa pango la chumba chake na mlinzi wake.

Wauza bodi wengi Kampala siku hizi wana mashine zao. Unapeleka orodha ya vipande, wanakata, wanabandika ukingo, unalipa kwa bodi na kwa mita. Unabeba vipande vimeandikwa namba. Mpwa wako anabaki na kazi ile inayoonekana na mteja, yaani kuunga na kufunga.

Ila kuna sharti moja. Orodha ikikosewa, hasara ni yako. Muuza bodi amekata ulichoandika. Nimeona mtu analia amekatiwa milango 10 ya urefu wa milimita 270 badala ya 720, tarakimu zimepinduka kwenye simu.

Seremala_Gulu
Naheshimu maneno ya dada, lakini hayo ni maneno ya mtu wa Kireka. Afande yuko Bombo, ana bahati, Kampala ni safari ya asubuhi. Sisi wa kaskazini kipande kimoja kikikosewa tunasubiri gari la kesho kutwa, na mteja anapiga simu kila saa. Mimi nilinunua msumeno wa meza wa mitumba mwaka wa pili wa kazi na sijutii. Kurekebisha sentimita moja hapohapo ni heshima mbele ya mteja.

Ninachojutia ni mashine ya ukingo. Niliinunua kwa mkopo kwa sababu nilitaka kazi yangu ing'ae kama ya Kampala. Mashine ile gundi yake lazima ichemke, karibu nyuzi 200, ndipo utepe ushike. Umeme ukikatika katikati ya kazi gundi inapoa, utepe unashika nusu, na usipokagua unaufunga hivyohivyo. Baada ya miezi miwili mteja anakutumia picha, utepe umening'inia kama ulimi wa mbuzi. Nikanunua jenereta ili kuokoa mashine. Halafu mafuta ili kuokoa jenereta. Unaona inavyokwenda.

Kwa hiyo mimi nasema msumeno ndiyo, mashine ya ukingo hapana, angalau miaka miwili ya kwanza. Ukingo lipia kwa mita.

Mzigo_Malaba
Kuhusu kontena naomba niseme, hiyo ndiyo kazi yangu, kutoa mizigo mpakani.

Rafiki yako amekuonyesha bei ya kiwandani tu. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka fanicha zilizokamilika kwenye kundi la ushuru wa forodha wa 35%. Juu yake VAT 18%, na VAT inapigwa baada ya ushuru kuongezwa. Kwa hiyo mzigo uliohesabiwa 100 ukifika mpakani unakuwa 135, na baada ya VAT unapita 159. Bado kodi ya zuio, bado bandari, bado lori kutoka Mombasa, zaidi ya kilomita 1,100 hadi Kampala. Na thamani wanayoanzia forodha tayari ina nauli ya meli ndani yake.

Tuseme umevuka yote hayo. Makabati yamekuja ya sentimita 80, 60 na 40. Jiko la mteja wako Wobulenzi lina mita 2 na sentimita 73. Utafanya nini na sentimita 13?

Anayefaidi kontena ni mwenye kujenga nyumba 20 za mchoro mmoja. Kinacholipa kuagiza kwa mtu mdogo ni vitu vidogo: bawaba, reli, mabomba ya sinki. Na hivyo dada wa Kireka anavyo tayari, mwachie yeye maumivu ya mpakani.

DadaVitasa
@Mzigo_Malaba umesema kweli tupu, maumivu nayajua.

Mama_Nyendo
Mimi si fundi, ni mteja, nipo Masaka. Mnazungumza mashine na ushuru, hakuna aliyeuliza ndani ya jiko kunapikwa nini.

Matoke yangu yanakaa motoni saa mbili, tatu, yamefungwa kwenye majani ya mgomba. Zamani tulipikia nje kwenye sigiri. Sasa tumejenga jiko la kisasa ndani, gesi iko pale, sufuria inatoa mvuke asubuhi nzima, na mvuke unakwenda wapi? Juu, kwenye kabati la MDF, ile bodi ya unga wa mbao uliogandamizwa. Mwaka haukuisha, ubao wa chini wa kabati ukavimba kama mkate, mlango ukakataa kufunga. Chini ya sinki ndiyo usiseme. Bomba lilivuja kidogo tu, tone tone, sakafu ya kabati ikawa uji.

Fundi wangu alikuwa mzuri, makabati yalinyooka, rangi nzuri. Hakuniuliza tu napika nini. Afande, ukifungua biashara, liwe swali lako la kwanza.

Fundi_Kajjansi
Mama amegusa penyewe. Mimi nafunga barabara ya Entebbe tangu 2014 na nitasema ninavyofanya, anayetaka apinge.

MDF iliyofunikwa melamini naitumia kwa milango na makabati ya juu yaliyo mbali na moto. Ubao wa kabati lililo juu ya moto na kabati lote la sinki natumia plaiwudi, hii inayotengenezwa Jinja inatosha kabisa, au bodi ya plastiki ya PVC mteja akiwa na pesa. PVC maji haiyajali, lakini skrubu haishiki vizuri kama kwenye mbao, bawaba zinalegea mlango ukiwa mzito. Na kila ukingo uliokatwa, hata usioonekana, ule wa nyuma na wa chini, lazima ufungwe. Mafundi wengi wanabandika utepe mbele tu, wanaacha nyuma wazi, na MDF inakunywa maji kwa nyuma.

Njia ambayo hamkuitaja ni zege. Nyumba nyingi za huku, chini kunajengwa kuta fupi za matofali, juu bamba la zege, vigae au granaiti, fundi makabati analeta fremu na milango peke yake. Mchwa hawali zege. Maji hayaharibu zege. Na granaiti ni mzito, ya milimita 20 ni kama kilo 54 kwa mita mraba, ile ya jiko la mita 3 inakaribia kilo 100. Zege inabeba bila kulalamika.

Seremala_Gulu
Zege! Kaka, hiyo ni kazi ya mwashi, si ya makabati. Mteja akitaka droo utaiweka wapi? Akihama jiko litahama naye? Na kuta zile fupi hazijawahi kunyooka hata siku moja, kila mlango unaukata kwa kipimo chake.

Fundi_Kajjansi
Kila mlango naukata kwa kipimo chake, ndiyo, na kwa kila mlango nalipwa. Mteja wa Bombo hahami, kajenga kwake. Droo namwekea safu moja ya kabati la plaiwudi katikati ya zege. Bodi zinashuka kutoka 7 hadi 4 au chini ya hapo, bei inampendeza, na arbuni inatosha kununua vifaa vyote bila mimi kutia shilingi yangu. Kwa mtu wa milioni 30 hilo la mwisho si dogo.

Simkatazi anayetaka kabati kamili. Nampa bei mbili, achague.

Mstaafu_Bombo
Nashukuru sana, nimesoma yote mara mbili na mpwa wangu amesoma, amenyamaza kidogo. Kontena nimeliondoa. Mashine ya ukingo tumeiondoa. Msumeno bado tunabishana. Niulize jambo la arbuni, maana mimi mwenyewe niliumizwa na arbuni. Mnachukua kiasi gani? Na makaratasi nianze na yapi?

DadaVitasa
Wafundi ninaowauzia ambao wamedumu wanachukua mafungu matatu. La kwanza linatosha vifaa vyote, kwa kawaida nusu ya bei au kupita kidogo. La pili siku makabati yanapofika mlangoni, kabla hayajashushwa garini. La mwisho dogo, baada ya kufunga. Hilo la mwisho usilifanye kubwa. Mteja akishaweka vyombo vyake ndani ya kabati hana haraka tena ya kukulipa.

Na pesa ya mteja huyu isinunue bodi za mteja yule. Fundi aliyezima simu kwako, afande, huenda hakuwa mwizi tangu mwanzo. Alimalizia jiko la mtu mwingine kwa arbuni yako, akabaki anasubiri mtu wa tatu. Namjua mmoja alikuwa na majiko matano wazi kwa wakati mmoja na hana bodi hata moja. Bawaba alikuwa anataka kwa mkopo. Sikumpa.

Makaratasi: jina la biashara URSB (ofisi ya kusajili biashara), namba ya mlipakodi URA (mamlaka ya kodi), leseni ya biashara ya mji wenu. Ukianza kulipa vijana mshahara kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Tangu sheria ibadilishwe 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kuchangia, 10% wewe, 5% anakatwa yeye. Wengi wanakumbuka siku wanapotafuta kazi ya shule au ya kampuni na kuulizwa karatasi.

Seremala_Gulu
Msumeno nunua ule mdogo wa mkononi, na reli yake ya kuongozea. Unatosha kusahihisha. Ukifika majiko manne kwa mwezi, miezi sita mfululizo, rudi hapa tuzungumze ule mkubwa. Mwambie mpwa nimemtetea nusu.

Mstaafu_Bombo
Amecheka. Tumekubaliana hivyo: kukatisha Kampala, msumeno wa mkononi, bei mbili kwa kila mteja, ya zege na ya kabati kamili. Tena tumepata jiko la kwanza, kwa mwalimu mmoja hapa karibu. Tumeuliza anapika nini, mama Nyendo. Matoke, kila siku. Ukuta wa mita 3.12, dirisha juu ya sinki. Kesho natuma orodha ya vipande Kampala.

Fundi_Kajjansi
Hongera. Umepima kabla ya plasta na vigae au baada?

Mstaafu_Bombo
Kabla. Vigae vinawekwa wiki ijayo.

Fundi_Kajjansi
Usitume.

Fundi_Kajjansi
Plasta na vigae vitakula sentimita 2 hadi 3 kila upande, na 3.12 yako inaweza kuwa 3.07. Subiri vikauke, kisha upime chini, katikati na juu, pande zote mbili, uandike namba ndogo kuliko zote. Pembe zipime kwa kamba, 3, 4, 5 (3 upande mmoja, 4 upande wa pili, mshazari uwe 5), usiamini macho. Acha sentimita 2 kila mwisho, utaziba kwa kipande cha bodi ileile. Silikoni hapana.

Mstaafu_Bombo
Ndiyo afande.