Fundi wa Malindi alisema Switch ya mtoto imekufa bila kuipima, kisha akataka kuinunua kama spea

Ndugu zangu, assalamu alaykum.

Nimekaa na hasira hii siku nne kabla ya kuandika, kwa kuwa sikutaka kuweka hapa neno ambalo baadaye ningelazimika kulifuta. Nilimpelekea fundi mmoja wa Malindi kifaa cha gemu cha mkononi, Nintendo Switch, kilichokuwa kimekataa kuwaka. Alikaa nacho siku 19, akaniambia bodi imeungua, akanitoza shilingi 2,500 za kukifungua, kisha akasema yuko tayari kukichukua kwa 3,000 kama spea. Kifaa hicho sasa kinawaka, kiko mikononi mwa mtoto mwenyewe, na hakikubadilishwa chipu, betri wala waya hata mmoja.

Jina la duka silitaji. Mwenye duka nimempelekea madai yangu kwa maandishi na nimempa hadi Ijumaa ajibu. Ninachotaka ni kueleza jambo lenyewe lilivyokwenda, kwa sababu najua si mimi peke yangu ninayesafirisha vitu kutoka Lamu kwenda Malindi kwa imani kwamba huko kuna mafundi wenye vifaa.

Mwenye kifaa ni mtoto wa kaka yangu, mvulana wa miaka 14, na aliyemletea ni mjomba wake anayefanya kazi Maskati. Ni Switch ya kawaida, ile iliyoanza kuuzwa Machi 2017, si ile ndogo iitwayo Lite. Mwaka wa mtihani ulipoingia, mimi shangazi yake ndiye niliyemwambia aiweke kando. Nikaifungia kabatini, ikakaa humo miezi minane bila kuguswa. Hapo nilikosea, nami nakubali, kwani sikujua kwamba Nintendo wenyewe huwashauri watu wakichaji kifaa hiki angalau mara moja kila miezi sita hata kama hakitumiki. Betri ya lithiamu hupungua yenyewe kidogo kidogo hata ikiwa imelala. Ikishuka mno, saketi ya ulinzi iliyomo ndani yake hukata umeme ili betri isiharibike, na kuanzia hapo kifaa huwa kama jiwe: kioo cheusi, hakuna sauti, na kwa kuwa Switch haina taa ya kuonyesha kwamba inachaji, mtu akiichomeka haoni dalili yoyote ya uhai.

Mtihani ulipokwisha nilimrudishia. Akaichomeka kwenye chaja ya simu yangu kwa nusu saa, akabonyeza kitufe, kimya. Akaniambia, "Shangazi, imekufa." Nilimwona macho yake yamejaa machozi, naye akijitahidi nisiyaone. Fundi wa simu wa hapa mjini aliniambia kwa uungwana kwamba hana bisibisi ya skrubu zile za nyuma zenye alama ya mikono mitatu, na kwamba hapendi kulazimisha asije akaziharibu. Huyo namshukuru, maana alisema asichokiweza na hakuchukua hata senti. Nikaifunga Switch kwa taulo, nikampa binamu yangu aliyekuwa akisafiri, ikavuka kwa boti hadi Mokowe, ikapanda basi la Malindi.

Sasa tazameni yale ambayo fundi wa Malindi hakuyauliza. Hakuuliza kifaa kilikaa muda gani bila kuchajiwa. Hakuuliza kilijaribiwa kwa chaja gani. Hakuuliza kama kiliwahi kuanguka au kuingia maji. Haya ni maswali ambayo hata mganga wa mbuzi huyauliza kabla ya kugusa mnyama, nayo hayagharimu kitu. Kwa siku 19 kila nilipopiga simu niliambiwa "bado naiangalia, mama." Siku ya ishirini akatuma ujumbe kwamba bodi imeungua, matengenezo ni shilingi 9,000 bila dhamana, na kwamba yeye angenishauri niachane nayo. Nilipokataa, ndipo lilipotoka lile la kununua kwa 3,000. Nilimuuliza kitu kilichoungua atakifanyia nini. Akasema kioo na vidhibiti vya pembeni vina wateja.

Nilikataa kuuza, nikalipa zile 2,500 kwa sababu binamu yangu alikuwa amesimama dukani na basi linaondoka, na fundi hakuwa tayari kukitoa kifaa bila pesa. Ada hiyo haikutajwa wakati tunampa kazi. Ingetajwa tangu mwanzo, leo nisingekuwa na neno nayo.

Kifaa kilirudi Lamu na skrubu moja ya nyuma haipo.

Jirani yangu hapa Langoni ana mtoto wa kiume aliyesomea umeme chuoni, kijana mpole ambaye hutengeneza redio na feni za watu jioni. Nilimwita aje aitazame kabla sijampa mtoto habari. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwalimu, chaja yake halisi iko wapi?" Ilikuwa kwa kaka yangu, kwenye boksi pamoja na kile kitako cha kuunganishia televisheni. Tukaifuata. Alinieleza kwamba chaja ya Switch ina uwezo wa kutoa volti 5 kwa ampea 1.5, au volti 15 kwa ampea 2.6, kadiri inavyokubaliana na kifaa, na kwamba chaja ndogo ya simu ya zamani kama yangu huenda ikamfufua mgonjwa wa namna hii kwa saa nyingi sana, si kwa nusu saa.

Kisha akamulika tundu la chaji kwa tochi, akanionyesha ukungu wa kijani kwenye vile vijino vya ndani. Anayeishi Lamu hahitaji kuelezwa hilo, kwa sababu hewa ya bahari hula kila chuma na kila shaba tuliyo nayo, hadi bawaba za madirisha. Alisafisha kwa brashi laini ya meno iliyotiwa tone la spiriti safi, kifaa kikiwa hakijaunganishwa popote, akasubiri kikauke kabisa. Akaunganisha chaja kupitia kipimio kidogo chenye namba, na namba zikaonyesha volti 5 na mkondo mdogo sana. Uso wake ukafunguka. Alisema kwamba kama umeme unaingia, hata kidogo namna hiyo, basi kuna kitu ndani kinachoupokea, na betri iliyoshuka sana huanza kunyweshwa polepole kwa makusudi kabla ya kupewa mkondo wa kawaida. Tuiache.

Tuliiacha. Dakika 40 zilipita, nami nimekwisha kukata tamaa moyoni, ndipo alama ya betri ikatokea kwenye kioo. Alingoja saa moja zaidi, akabana kitufe cha kuwasha kwa sekunde kama 15 ili kama kuna kitu kimeganda kizimike kabisa, akakiachia, akakibonyeza mara moja. Ikawaka. Tarehe na saa vilikuwa vimepotea, lakini gemu za mtoto zote zilikuwepo na pale alipofikia palikuwa palepale.

Jambo lililonitia hasira hasa lilifuata baada ya hapo. Kijana alitaka kuhakikisha betri haijavimba, kwa sababu betri iliyovimba ni hatari na haifai kuchajiwa tena. Alifungua mgongo wa kifaa mbele yangu, mezani kwangu. Chini ya mgongo kuna bamba la chuma linalofunika bodi, na kati ya bamba hilo na kipoza joto kuna dawa nzito ya kupitisha joto, ya rangi ya waridi, iliyowekwa kiwandani. Anayeliinua bamba huichana dawa ile, na haiwezi kurudi ilivyokuwa. Alipoliinua, dawa ilikuwa nzima, haina mkwaruzo. Soketi ya betri iko chini ya bamba hilo hilo, na bodi pia. Kwa maneno mengine, fundi aliyetangaza kwamba bodi imeungua hakuwahi kuiona bodi. Hakuchomoa betri, wala hakupima volti zake. Alifungua kifuniko cha nje, akapoteza skrubu, akafunga, akaandika hukumu.

Siwezi kuingia moyoni mwake nikajua alikusudia nini. Lakini mtu anaposema kitu kimekufa bila kukipima, na papo hapo akataka kukinunua, ana wajibu wa kujieleza. Wangapi wamekubali hizo 3,000?

Sisemi kwamba kila Switch isiyowaka ina njaa ya chaji tu. Zipo ambazo kweli zimeharibika, na mahali panapojulikana sana ni chipu ya M92T36, ile inayopatana na chaja kuhusu volti, ambayo huweza kuungua kwa chaja au kitako kisichofaa. Hiyo hubadilishwa na mtu mwenye darubini na mkono uliotulia, na inastahili kulipiwa. Lakini hata huko mtu hufika kwa kupima. Chaja ikiwa sahihi na kipimio kikakwama kwenye volti 5 hata baada ya betri kupata chaji, hapo fundi ana sababu ya kuishuku. Huyu wangu hakuwa na sababu yoyote, alikuwa na bei tu.

Katika barua niliyompelekea nimemkumbusha kwamba Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazozihitaji, na haki ya kufidiwa hasara. Ninadai shilingi 2,500 na skrubu yangu. Nauli na siku 19 za mtoto kukaa akiuliza "Shangazi, wamesemaje?" sikuzitia kwenye hesabu.

Ninawaomba walio na vifaa kama hivi vilivyotamkwa vimekufa, hasa vilivyokaa muda mrefu bila kutumika, wasiviuze kabla ya kuvichomeka kwenye chaja yake halisi kwa saa kadhaa. Na ukimpelekea fundi, mwambie akuonyeshe namba alizopima.

Nyongeza, Jumamosi asubuhi: Amepiga simu jana baada ya Ishaa. Amesema atarudisha 1,000, kwa kuwa "kufungua ni kufungua." Kuhusu skrubu amesema haikumbuki. Nimemwambia kwamba dawa ya waridi niliipiga picha siku ile bamba lilipoinuliwa, tarehe na saa zikionekana, na kwamba picha hizo anaweza kuziona wakati wowote akitaka. Akanyamaza kidogo, akasema atanipigia Jumatatu.