Kapelekwa Marekani akiwa mtoto, hana makaratasi: arudishwe au aachwe?

Kipanga wa Ilala: Wakuu, naombeni mawazo. Binamu yangu alikwenda Texas 2009 kwa viza ya matembezi, akamchukua na mwanawe wa miaka sita. Wakanogewa. Dogo alikuja kujua hana makaratasi siku wenzake shuleni walipokuwa wanakwenda kuchukua leseni ya udereva. Mama akashusha kopo la biskuti juu ya kabati, akamtolea pasi. Ruhusa ilikuwa ya miezi sita, imekwisha hata meno ya mbele hayajang'oka. Kiswahili chake ni shikamoo na ugali. Mtu kama huyu arudi wapi?

Chuma Mboga: Arudi Tanzania, kwao. Hana kosa, sawa, ila mama yake alijua anachofanya. Ukimwacha huyu, kesho kila mwenye viza atabeba mtoto kama tiketi. Na nyie wabeba boksi, wa vibarua vya ughaibuni, mkome kututambia na pafyumu kila Desemba, halafu mambo yakichacha mnatulilia sisi.

Mama Nuru (Minnesota): Nilikuwa nasoma vizuri mpaka nilipofika kwenye boksi. Kaka, mimi nageuza wazee vitandani usiku kucha, natoka saa moja asubuhi theluji imefika magotini. Watoto wanne wa marehemu kaka yangu wanasoma Morogoro kwa boksi hilo hilo. Wewe umemsomesha nani?

Chuma Mboga: Dada, sijakutaja. Ukirusha jiwe gizani ukasikia yowe...

Mama Nuru (Minnesota): Limenipata, ndiyo. Jibu swali.

Ngosha: Hahaha, Chuma leo kayakanyaga. Ila tuambiane ukweli, si Obama aliwapa uraia hao watoto wote 2012? Dogo analalamika nini?

Wakili wa Kijiweni: Hakuna aliyepewa uraia, Ngosha. Huo mpango wa Obama, DACA, ni kuahirishiwa kufukuzwa, miaka miwili miwili, na kibali cha kazi juu. Ilitaka uwe umeingia kabla ya kutimiza miaka 16 na umekaa mfululizo tangu Juni 2007. Dogo wa 2009 kaachwa na basi kwa miaka miwili. Trump alitangaza kuifuta 2017, Mahakama ya Juu ikamgomea 2020, majaji watano kwa wanne, na hapo walichokataa ni namna alivyoifuta, hawakusema hana mamlaka. 2021 jaji wa Texas akazuia wapya wasipewe. Muswada wenyewe wa kuwapa watoto hao ukaazi wa kudumu unazunguka bungeni kwao tangu 2001.

Ngosha: Basi aoe, yaishe.

Wakili wa Kijiweni: Unacheka, lakini hapo ana nafuu. Kwa kuwa aliingia kwa viza, akioa raia, ndoa ya kweli, anaweza kuomba grini kadi, yaani ukaazi wa kudumu, akiwa huko huko. Aliyevuka mto na wazazi wake kutoka Mexico kwa kawaida mlango huo hana. Asichofanya ni kupanda ndege kuja kusalimia bibi. Ukishatimiza miaka 18, ukakaa mwaka bila kibali kisha ukatoka, umejifungia mlango wa kurudi miaka 10.

Chuma Mboga: Ndoa za makaratasi hizo. Mnafundishana uhuni hadharani.

Nyakato wa Karagwe: Chuma, wewe wa "arudi kwao", 2013 ulikuwa wapi? Operesheni Kimbunga, ule msako wa wahamiaji haramu, ilipopita Kagera, jirani yetu aliyezaliwa hapo hapo Karagwe aliambiwa kwao ni Rwanda, kwa sababu ya baba yake. Asubuhi nimekwenda kuomba moto, nimekuta sufuria ya maharage mafigani, watu hawapo. Kinyarwanda alikuwa anakisikia tu. Hakuna aliyeanzisha mada.

Chuma Mboga: Usichanganye mambo. Ile ilikuwa ya majambazi na silaha.

Nyakato wa Karagwe: Mama wa watoto watatu na mbuzi wawili. Silaha ilikuwa mwiko?

Ngosha: 😂😂 Mwiko!

Wakili wa Kijiweni: Na mwaka uliofuata tukawapa uraia wakimbizi Warundi waliokuja 1972 na watoto wao, zaidi ya 160,000, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakiwemo waliozaliwa makambini. Kwa hiyo tunaweza, tukitaka.

Chuma Mboga: Hao walifuata utaratibu, waliomba. Dogo wa Texas aombe.

Wakili wa Kijiweni: Aombe dirisha gani? Nimeandika hapo juu, husomi.

Chuma Mboga: Unaandika mrefu kama hukumu, nani asome.

Kipanga wa Ilala: Jamani, mada ilikuwa dogo. Mama yake kanipigia mara mbili leo, anauliza ampeleke kwa wakili au anyamaze asijianike.

Mama Nuru (Minnesota): Ampeleke, lakini wakili wa uhamiaji mwenye leseni, si wale wa kujaza fomu dukani. Nicheki pembeni nikuelekeze. Na wewe Chuma, bado nasubiri.

Chuma Mboga: Unasubiri nini?

Mama Nuru (Minnesota): Umemsomesha nani. Na ile pafyumu ya Desemba ulikataa au ulipokea?

Ngosha: Alipokea. Jumapili kanisani alinukia mpaka kwaya ikageuka.