Naomba ushauri: inzi weupe kwenye muhogo, Micheweni

Assalamu alaykum ndugu zangu. Wakulima wengi huku Pemba tunaona masika yakikatika mapema, na jua likizidi inzi weupe nao wanazidi. Geuza jani changa la juu, utawakuta wametapakaa kama unga. Majani ya chini yamepakwa masizi meusi, yanayoota juu ya utamu wanaoutoa. Kwenye joto, yai huwa inzi mzima kwa takriban wiki 3 tu. Mvua kubwa huwaangusha. Ikikosekana, wanajaa konde zima.

Kinachonitia hofu zaidi ni ugonjwa wa michirizi kahawia wanaousambaza: shina linaonekana zima, ukichimba muhogo umeoza ndani. Mbegu za muhogo ziitwazo Kizimbani na Machui zinauhimili ugonjwa huo, lakini inzi hawazikimbii.

Je, nipande mwanzo kabisa wa masika ili miche ipate nguvu kabla ya ukame, au nisubiri vuli? Na wanaopulizia sabuni ya maji, mililita 5 kwa lita, chini ya jani wakati wa jioni, mnarudia baada ya siku ngapi? Sumu kali sitaki, inaua na wadudu wanaowala hao inzi.