Fundi cherehani nina huduma gani kanisani?

MamaOvaloki: Bwana asifiwe wapendwa. Ni fundi cherehani, Mbeya. Kuimba siwezi, kuhubiri natetemeka. Kanisani kwetu mwenye huduma ni aliyeshika maiki. Mimi je?

FundiBomba: Mama, soma Matendo 9:39. Dorkasi alipofariki, wajane walimwonyesha Petro kanzu alizowashonea. Mahubiri yake hakuna aliyeyataja!

Mzee wa Kanisa: Na Paulo alishona mahema Korintho, Matendo 18:3. Ila huduma isiwe kushonesha sare za kwaya bure, uzi unanunuliwa.

MamaOvaloki: Hapo kwenye sare umenigusa mzee, hadi leo nawadai hela ya vifungo 😂. Kuna mabinti wawili wa jirani wamemaliza darasa la saba, wapo tu nyumbani. Jumatatu naanza nao: kutia uzi, kisha kukunja pindo.