Hawa jamaa wameniita tapeli mbele ya mteja!!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Hawa jamaa wenye kivinjari cha simu mnawajua, sina haja ya kuwataja.

Leo hapa Kikuubo, soko la Kampala, kaja mama wa Busia, anataka vitenge robota mbili. Pesa kaishaitoa kwenye sidiria, anahesabu. Mimi na kimbelembele changu: "Mama, mzigo mwingine uko kwenye tovuti yangu, bofya hapa." Simu ikawa nyekundu. Nyekundu ya damu, hadi duka la jirani likamulikwa! "Tovuti hii ni hatari." Mama akaniangalia, akaiangalia simu, akairudisha pesa sidiriani. Noti moja moja!

Kosa langu? Anwani inaishia na .xyz. Basi! Sijawahi kuiba hata pini, leo herufi tatu zimenivisha pingu. Noti moja moja, wakuu, huku ananikodolea macho.

Fundi_Ntinda: Uliinunua bei gani?

Mleta uzi: Elfu saba, mwaka mzima.

Fundi_Ntinda: Ndiyo hiyo. Matapeli nao wanapenda rahisi: wananunua majina ya tovuti mia kwa mkupuo, moja likifungiwa wanahamia jingine. Vichujio vya usalama vikiona mwisho huo vinakutilia shaka hata hujasalimia. Ila wekundu wote huo si wa mwisho tu. Ama umedukuliwa, ama jina lilikuwa la mwizi kabla yako. Ungelipia .co.ug, ya hapa Uganda, ukalala.

Mleta uzi: Mbona wenye Google wako abc.xyz tangu 2015? Kwao yule mama angerudisha noti?

Bibi_wa_Arua: Wewe una robota mbili, unajipima na Google 😂😂

Zamani_Ndiyo: Afadhali yako. Mimi nilikuwa na .tk ya bure, ile ya visiwa vya Tokelau. 2023 wagawaji wakafunga usajili, baadaye na yangu ikazimika. Picha za harusi zote humo.

Mswahili_Jinja: Usinikumbushe harusi! Mpiga picha wangu kaleta picha 11, tisa za keki.

Bibi_wa_Arua: Na keki zenyewe za Kampala ni boksi limepakwa krimu, mnakata kipande cha juu tu.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye sidiria.

Mswahili_Jinja: Boksi!! Na nililipa laki nane!

Zamani_Ndiyo: Laki nane ghorofa ngapi?